Vigae na mawe ya kusagia vyasimulia historia ya Migori na Homa Bay

KILA mvua za masika zinapoanza kunyesha maeneo ya Nyatike, Karungu na Ndhiwa, majembe na plau zinazokokotwa na ng'ombe hufukua vitu ambavyo wakulima wengi huvitupa mpakani mwa shamba bila kuvitazama mara mbili. Ni vigae vya vyungu vilivyovunjika, mawe ya kusagia yaliyolika katikati, mabonge mazito ya mavi ya chuma na, kwa nadra, ushanga wa kioo usiozidi punje ya mtama kwa ukubwa.

Vitu hivyo havina bei sokoni, na wachimbaji dhahabu wa Macalder hawangepoteza hata dakika moja kuviokota. Hata hivyo, katika eneo ambalo maandishi yalifika mwishoni mwa karne ya 19, huu ndio ushahidi mkuu uliobaki kuhusu maisha ya watu wa kawaida: walikula nini, walifuga nini, walibadilishana bidhaa na nani na walijilinda vipi.

Simulizi za wazee zipo, na thamani yake ni kubwa. Lakini simulizi kwa kawaida huhifadhiwa na ukoo uliobaki na ardhi. Hutaja majina ya waume, vita walivyopigana na njia walizopitia. Ni nadra kumtaja mwanamke aliyefinyanga mtungi, jirani aliyehama kimyakimya au bibi harusi aliyeletwa kutoka mbali akasahau lugha ya mamake.

Swali la kwanza ambalo watu huuliza waonyeshwapo kigae cha kale ni hili: Ni cha kabila gani? Swali hilo si la udadisi mtupu. Nchini Kenya, madai kuhusu nani alitangulia kufika mahali yamewahi kutumiwa kuamua nani alime, nani apige kura na nani afungashe virago. Kaunti ya Migori ni makao ya Waluo, Wakuria, Wasuba, Wakisii, Waluhya, Wasomali na wengineo, na hakuna anayehitaji kukumbushwa uzito wa jambo hilo. Bahati ni kwamba kabila ndilo swali ambalo vigae hulijibu kwa shida zaidi kuliko mengine yote. Maswali mengine huyajibu vizuri sana.

Mfano wa kale kupindukia unapatikana Nyayanga, katika rasi ya Homa, Kaunti ya Homa Bay. Mnamo Februari 2023, jarida la Science lilichapisha matokeo ya utafiti ulioongozwa na Profesa Thomas Plummer wa Queens College, New York, kwa ushirikiano na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Watafiti walikuwa wamefukua zana 330 za mawe pamoja na mifupa ya wanyama, ikiwemo ya viboko yenye alama za kukatwa. Umri wake ulikadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3.

Zana zenyewe ni vipande vya mawe tu: jiwe la kugongea, jiwe lililogongwa na kipande chembamba chenye makali. Humo mna jiko zima. Vipande vyenye makali vilikata nyama, na mawe ya kugongea yaliponda mizizi na kuvunja mifupa ili kutoa uboho.

Kando ya zana hizo yalipatikana magego mawili ya Paranthropus, kiumbe aliyekuwa na ujamaa na binadamu lakini ambaye si babu yetu wa moja kwa moja. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kwamba zana za aina hiyo zilitengenezwa na jamii ya Homo peke yake. Magego hayo yamewafanya wasite. Je, Paranthropus ndiye aliyezitumia, au aliliwa hapo? Kitu na mwenyewe si jambo moja, na hivyo ndivyo ilivyo kwa chungu cha juzi sawa na kwa jiwe la miaka milioni mbili na nusu.

Utafiti mwingine wa Nyayanga, uliochapishwa Agosti 2025 katika jarida la Science Advances, ulichunguza mawe hayo yalitoka wapi. Mawe ya karibu na pale ni laini na hupoteza makali upesi. Waliotengeneza zana walijua hilo, kwani walibeba mawe magumu kutoka hadi umbali wa kilomita 13. Mtu hasafirishi mzigo wa mawe mwendo huo bila kuwa na picha kichwani ya kazi itakayofanywa kesho.

Tuuruke mamilioni ya miaka na kuingia Migori, kwenye maporomoko ya Gogo katika Mto Kuja, ambao Wakisii huuita Gucha. Wengi hupajua mahali hapo kwa sababu ya bwawa la umeme lililojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi ya Macalder. Wanaakiolojia hupajua kwa sababu ya majaa yake. Mnamo 1983, mtafiti Peter Robertshaw alichimba katika eneo hilo na kukuta taka za nyakati mbalimbali zimelaliana tabaka juu ya tabaka.

Chini kabisa mlikuwa na vigae vya aina iitwayo Kansyore, jina la kisiwa kimoja cha Mto Kagera. Hivi ni vyungu vya watu waliovua samaki, kuokota makombe na kuwinda kando ya ziwa na mito yake maelfu ya miaka kabla ya ng'ombe wa kwanza kuonekana Nyanza. Jambo hili huwashangaza wanaodhani kwamba ufinyanzi ulianza na kilimo. Mvuvi ambaye hurejea kwenye maporomoko yaleyale kila msimu wa samaki ana sababu ya kuwa na chungu kizito, kwani hana haja ya kukibeba kila aendako.

Juu ya tabaka hilo vikaja vitu vya wafugaji: mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, vyungu vya mtindo tofauti na visu vidogo vya obsidiani, yaani jiwe jeusi la volkeno ling'aalo kama kioo. Obsidiani haipatikani Migori. Ile ya Gogo ilitoka upande wa Naivasha katika Bonde la Ufa, umbali wa kilomita 200 hivi. Miaka 2,000 iliyopita, kabla ya punda wa mizigo kuwa jambo la kawaida huku na kabla ya barabara yoyote, kulikuwa na mikono iliyopokezana jiwe hilo kutoka bondeni hadi ukingoni mwa ziwa.

La kufurahisha zaidi limo katika mifupa. Wafugaji wenzao wa nyanda za Mara waliishi kwa mifugo yao karibu kabisa. Wale wa Gogo, ingawa walikuwa na visu vilevile na vyungu vilevile, waliendelea kuwinda na kuvua kwa wingi. Huenda magonjwa ya mifugo yaliwalazimisha, au labda majirani wavuvi waliwafunza, au ni wavuvi hao wenyewe waliopata ng'ombe wachache na kuiga vyungu vya wageni. Vyovyote iwavyo, mwenye kutazama vigae tu angesema hapa palikuwa na kabila moja la wafugaji. Mwenye kutazama mabaki ya chakula angesema lingine.

Juu yake tena vinapatikana vigae vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali katika Kaunti ya Siaya na kuelezwa kitaalamu mnamo 1948 na Mary Leakey, Arkidiakoni Walter Owen na Louis Leakey. Vyungu hivi ni vya watu waliojua kufua chuma, na wataalamu wengi huvihusisha na kuenea kwa lugha za Kibantu kuzunguka ziwa. Vinatambulika kwa michoro safi shingoni na mara nyingi kwa kishimo kidogo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alibonyeza udongo kwa kidole gumba kabla haujakauka.

Kutoka Gogo, safari ya kwenda Thimlich Ohinga si ndefu. Ngome hiyo ya mawe iko yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. UNESCO iliiorodhesha kuwa Turathi ya Dunia mwaka 2018, nayo serikali ya Kenya ilikuwa imeitangaza kuwa mnara wa kitaifa mnamo 1981. Kwa Kidholuo, thimlich ni kichaka kizito cha kutisha, na ohinga ni boma la mawe.

Kuta zake zilijengwa kwa mawe matupu bila udongo wala chokaa kuyashikilia. Zina unene wa kati ya mita moja na tatu, na mahali pengine kimo chake hupita mita nne. Ustadi umo katika ukuta wa tabaka tatu: mawe yaliyopangwa upande wa nje na wa ndani, na mawe madogo yaliyoshindiliwa katikati kufunga pande hizo mbili. UNESCO inakadiria kwamba ngome hiyo ilijengwa katika karne ya 16. Yamo maboma manne ndani ya eneo hilo: Kochieng, ambalo ndilo kubwa, Kakuku, Koketch na Koluoch.

Wageni wengi hupiga picha za kuta na kuondoka. Makosa si yao, kwani kuta zinavutia. Ila kuta hueleza hofu tu: milango ni mifupi na myembamba, kiasi kwamba aingiaye ni lazima ainame na kuingiza kichwa kwanza. Maisha yenyewe yamo ardhini. Uchimbaji umetoa vigae, mawe ya kusagia, vitu vya chuma, mifupa ya mifugo na ya wanyama wa porini, na shanga za kioo. Pana pia dalili za kazi ya uhunzi ndani ya boma kuu.

Ushanga wa kioo haukutengenezwa Nyanza. Ulivuka bahari, ukapita pwani na kubadilishana mikono mara nyingi hadi kufika shingoni au kiunoni mwa mtu wa Kochieng. Maana yake ni kwamba walioishi nyuma ya kuta nene namna ile hawakuwa watu waliojifungia. Waliogopa uvamizi usiku, na mchana walifanya biashara.

Jiwe la kusagia nalo husema mengi. Jiwe la chini, ambalo Waluo huliita pong, hulika polepole kwa miaka mingi ya kusaga wimbi na mtama. Hakuna anayehama nalo mbali, maana ni zito mno. Linapokutwa limelika hadi kufanya bakuli, hapo paliishi watu kwa muda mrefu. Linapokutwa limepinduliwa juu chini na bado lina uso wa kutumika, kuna uwezekano kwamba mwenyewe alitarajia kurudi.

Maboma ya aina hii hayakuwa Thimlich pekee. Watafiti, wakianza na Neville Chittick aliyeandika kuyahusu mwaka 1965 na kufuatiwa na wataalamu Wakenya kama Isaya Onjala, wamehesabu mamia ya maboma katika iliyokuwa Nyanza Kusini, ambayo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay. Yalikaliwa na jamii tofauti kwa zamu: wengine wakajenga, wengine wakakuta na kukarabati, wengine wakahamia na kuondoka. Baadaye watu walihamia kwenye miji ya ua wa minyaa, ambayo bado inaonekana vijijini.

Nani hasa aliyejenga la kwanza? Hapo ndipo kigae hutakiwa kutoa ushahidi. Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa mepesi: vyungu vyenye michoro ya kukwaruza ni vya Wabantu, na vile vilivyopambwa kwa kamba ya kusokotwa iliyobingirishwa juu ya udongo mbichi ni vya wasemaji wa lugha za Kiniloti. Mtindo ukibadilika ardhini, ilisemekana kabila moja limeondoka na jingine limeingia.

Maelezo hayo yalitikiswa na wanawake wafinyanzi walio hai. Katika miaka ya 1980, mtafiti Ingrid Herbich aliishi na kufanya kazi na wafinyanzi Waluo wa magharibi mwa Kenya. Alichoona ni kwamba wengi hawakujifunza ufinyanzi kwa mama zao. Walijifunza baada ya kuolewa, kwa mama mkwe na wake wenza wa mji walioingia. Umbo la shingo ya chungu, mahali pa kuweka mapambo, hata namna ya kukaa wakati wa kufinyanga, vyote vilifuata mji wa mume.

Tufikirie maana yake kwa nchi ya mipaka ya lugha kama Migori na Homa Bay. Msichana wa Kisuba au wa Kisii aliyeolewa katika mji wa wafinyanzi Waluo angefinyanga mtungi usioweza kutofautishwa na wa mama mkwe wake. Kisha mtungi huo ungepelekwa sokoni na kununuliwa na mtu wa lugha nyingine kabisa. Miaka 300 baadaye, kigae chake kingeokotwa katika shamba la mnunuzi. Kingetaja udongo ulikotolewa, mkono uliofunza na soko lililokuwepo. Kabila la aliyekipikia kisingelitaja.

Historia ya Wasuba inathibitisha ugumu huo. Watu hawa, ambao mapokeo yao yanataja asili ya upande wa Uganda, walienea Rusinga, Mfangano na Gwassi. Leo wengi wao huzungumza Dholuo nyumbani. Hakuna vita vilivyowageuza. Ni ndoa, soko, kanisa na shule. Kisiwani Mfangano, Makavazi ya Amani ya Jamii ya Abasuba, yaliyoanzishwa mwaka 2000, huwaelekeza wageni kwenye michoro ya miambani ya Mawanga na Kwitone. Michoro hiyo watafiti wengi huinasibisha na wawindaji waliotangulia, si na Wasuba wala Waluo. Wenyeji wanaitunza vivyo hivyo.

Ili kigae kiseme yote hayo, sharti moja ni lazima litimizwe: kijulikane kilitoka wapi hasa. Somo la jambo hilo lilitolewa Homa Bay zaidi ya miaka 90 iliyopita, na lilikuwa chungu kwa aliyelipata.

Mnamo 1932, huko Kanam katika rasi ya Homa, kikosi cha Louis Leakey kilipata kipande cha taya ambacho Leakey alitangaza kuwa cha binadamu wa kale sana. Mwanzoni mwa 1935, mwanajiolojia Percy Boswell alifika kutoka Uingereza kuthibitisha. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe. Alikuwa amepigilia vigingi vya chuma kuweka alama, lakini havikuwepo tena; kwa maelezo yake, wenyeji walikuwa wamevichukua kwa ajili ya chuma chake. Boswell alirudi na kuandika katika jarida la Nature kwamba madai hayo hayakuwa na msingi imara, na sifa ya Leakey ikaingia doa kwa miaka mingi.

Hadithi hiyo kwa kawaida husimuliwa kama kichekesho cha wenyeji wasiojua sayansi. Haikosi upande wa pili. Katika nchi ambako jembe la chuma kutoka kwa wahunzi wa Samia lilikuwa mali ya kutolea mahari, kuacha vyuma vizuri vimesimama porini bila mwenyewe lilikuwa jambo la ajabu. Aliyeving'oa alikuwa akifuata desturi ya vitu ya nchi yake, na mgeni ndiye aliyekuwa hajaisoma.

Upotevu wa leo hauna kisingizio cha namna hiyo. Nje ya eneo linalolindwa la Thimlich, maboma mengi yamo katika mashamba ya watu binafsi. Mawe yaliyokwisha kuchongwa na maumbile na kupangwa na wazee ni rahisi kuyabeba, na kwa miaka mingi yamekuwa yakichukuliwa kujengea misingi ya nyumba na mazizi. Mwenye shamba anayefanya hivyo si mharibifu. Ana watoto na paa la kuezeka, na hakuna aliyemweleza kwamba rundo lile lina thamani nyingine. Lakini ukuta ukiondoka, jembe hufika chini yake, na vigae vya karne nne huchanganyika na vya mwaka jana.

Vya mwaka jana navyo vimepungua. Reli ilifika ziwani, mahali ambapo sasa ni Kisumu, Desemba 1901, na madebe ya mafuta ya taa yakafuata. Debe tupu lilikuwa jepesi kuliko mtungi na halikuvunjika likianguka mtoni. Baada yake zikaja sufuria, kisha mitungi ya plastiki. Chungu kimebaki kwa kazi ambazo debe haliziwezi, hasa kupoza maji ya kunywa, kwani maji hupenya kidogokidogo katika udongo na kuvukiza nje.

Makopo nayo yamekuwa na historia yake. Kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili liligeuka gorogoro, kipimo cha mahindi na maharagwe katika masoko yote ya Nyanza, na kila mnunuzi anajua kukagua kama kitako chake kimebonyezwa ndani ili kipunguze ujazo. Atakayefukua soko la Rongo au Oyugis baada ya miaka elfu moja atakuta vyombo vyenye kishimo kitakoni, kama vile vya Urewe. Asipojua bei ya mahindi ilivyokuwa, huenda akadhani ni mapambo.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006 inakataza kuchimba mabaki ya kale bila leseni na inamtaka anayegundua kitu cha namna hiyo kutoa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa. Kwa mkulima, hatua ya maana ni nyepesi kuliko sheria inavyosikika: asiking'oe kitu wala kukiosha, apige picha kwa simu ikionyesha pia mti au jabali la karibu, kisha awaarifu maafisa walioko Thimlich Ohinga au Makavazi ya Kisumu. Kigae kilichobebwa mfukoni hadi mjini ni kigae tu. Kilichoachwa mahali pake, karibu na jiwe la kusagia na majivu ya jiko, bado kina jirani zake.